Tumepima nyavu, sasa tupime taa

Anayetaka kuvua omena katika upande wetu wa Ziwa Victoria huulizwa mambo mengi. Wavu wake una macho ya milimita ngapi? Yakipungua 10, ana kesi. Mtumbwi wake umesajiliwa ufuo gani? Na leo ni tarehe ngapi? Kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai omena hapaswi kuvuliwa, ili apate kuzaana. Lakini mtu huyo akifika ufuoni jioni na taa kali kuliko zote zilizowahi kuonekana hapo, sijawahi kumwona afisa wala mwenyekiti wa ufuo akimuuliza neno. Nasema haya nikiwa muuza omena, na nikiwa na hisa katika taa hizohizo: wakati umefika wa kuupima mwanga.

Ninauza Mamboleo, hapa kwenye njia panda ambapo barabara ya Miwani na Chemelil inaachana na ile ya Kakamega. Wateja wangu ni wa aina mbili. Wa kwanza hununua gorogoro moja, au nusu, au kikombe. Ni akina mama wanaoteremka kutoka Kajulu na Riat, vijana wa bodaboda wanaorudi nyumbani, na abiria wa Kakamega wanaonyoosha mkono kupitia dirisha la matatu. Wa pili hununua kwa gunia: wafugaji wa kuku na wenye mashine za kusaga chakula cha mifugo. Omena wangu hutoka Luanda Kotieno, upande wa Uyoma nilikoolewa, akapitia Ndori na Kisian hadi mjini. Huko Luanda Kotieno, mimi na wanawake wenzangu wa chama tuna mkataba na nahodha mmoja. Boti na wavu ni vyake. Taa na betri ni zetu. Zikileta, tunagawana.

Kwa msomaji ambaye hajaiona kazi hii, inakwenda hivi. Boti huondoka jua likizama, ikiwa na watu wanne. Wakifika mahali walipopachagua, huteremsha taa majini moja baada ya nyingine. Kila taa imefungwa juu ya boya la mbao na kutiwa nanga, na kati ya moja na nyingine huachwa nafasi. Kisha wanazima mazungumzo na kusubiri kwa saa kadhaa. Mwanga huvuta kwanza vijidudu vya majini na wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka. Omena huja nyuma ya chakula chake. Mchana, omena wakubwa hukaa chini penye kina, na usiku hupanda juu kula. Taa inawakusanya mahali pamoja wakati ambao tayari wamepanda. Wakishajaa, wavuvi huikaribia taa polepole, huizungushia wavu, huvuta, kisha hufuata taa ya pili na ya tatu. Alfajiri boti inarudi, na sisi wanawake tunaisubiri na makarai.

Kazi hii hufuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, na omena hutawanyika bila kuijali taa. Kwa hiyo kila mwezi wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa, wakishona nyavu na kulala na familia zao, na omena nao hupumua. Mapumziko hayo hayakuandikwa na serikali yoyote. Yaliletwa na anga, na wazee wetu waliyaheshimu kwa sababu ya hesabu: kwenda majini wakati huo kulikuwa kuchoma mafuta ya taa bure.

Mafuta ya taa ndiyo yaliyotawala kazi hii kwa miaka mingi. Karabai moja ilikunywa lita moja au zaidi kwa usiku, na boti haikutoka na moja. Kabla ya mgao wowote asubuhi, gharama ya mafuta iliondolewa kwanza. Palipovuliwa kidogo, wavuvi walirudi nyumbani mikono mitupu, wakiwa wamefanya kazi usiku kucha kwa ajili ya muuza mafuta. Mawimbi yakirusha maji baridi juu ya kioo kilichopata moto, kioo kilipasuka. Upepo ulizima taa, na kuiwasha upya juu ya boti inayoyumba kuliwaunguza vijana mikono. Mafuta yalimwagika majini na ndani ya boti, na kuna omena niliyelazimika kumtupa kwa sababu ya harufu hiyo. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ikiwalenga wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Mkononi mwa mvuvi, ushuru huo ulikuwa sehemu ya chakula cha watoto wake. Kufikia Septemba 2023 lita moja ilikuwa imepita shilingi 200.

Kwa hiyo nazisifu taa za sola, na nazisifu kwa moyo wote. Huku kwetu zina historia. Mwaka 2008 kampuni ya Osram kutoka Ujerumani ilifungua kituo cha kuchaji huko Mbita, katika mradi ulioitwa Umeme kwa Wote. Mvuvi alikodi taa na betri jioni, akairudisha betri asubuhi ikachajiwe kwa jua. Vituo vingine vilifuata katika fuo zetu, kisha maduka ya Kisumu yakajaa taa na betri za kila bei. Leo kijana wa Luanda Kotieno anaweza kuvua usiku mzima bila kuvuta moshi na bila kuogopa kioo kupasuka. Fedha zilizokuwa zikiungua sasa zinalipa karo.

Kwetu wanawake taa hizi zilileta jambo lingine. Kila mtu wa ziwani anajua jaboya ni nini: mwanamke analazimika kujitoa mwili kwa mvuvi ili auziwe samaki kabla ya wenzake. Desturi hiyo imezijaza nyumba zetu ukimwi na mayatima. Huko Nduru, upande wa Kano, kina mama walianzisha mwaka 2011 kikundi cha kumiliki boti zao wenyewe ili wasimpigie mvuvi magoti. Sisi hatukuweza kununua boti, lakini taa tuliziweza. Mwanamke mwenye taa ndani ya boti ana mgao wake unaojulikana kabla boti haijatoka. Anasimama ufuoni alfajiri kama mwenye mali. Ndiyo maana sitamsikiliza mtu yeyote atakayesema turudi kwenye karabai, au taa zipigwe marufuku.

Ila karabai ilikuwa na jambo moja ambalo tumelipoteza bila kulijadili. Ilijizuia yenyewe. Kila mwanga uliouongeza uliulipia usiku uleule, kwa lita na kwa shilingi, na hakuna nahodha aliyewasha karabai ambayo haikuwa na faida. Taa ya sola ukishainunua, usiku wake hauna bei. Hakuna kinachokuambia sasa inatosha. Na palipo na watu wengi wanaotafuta riziki katika maji yaleyale, jambo lisilo na bei halichelewi kuwa mashindano.

Niliyaona mashindano hayo siku nahodha wetu aliponijia na malalamiko.

"Mama, taa zetu zimekuwa hafifu," alisema. "Usiku huu tumeambulia makarai mawili."

"Kwani zimeharibika, baba?"

"Hazijaharibika. Boti ya jirani imeweka kali zaidi. Tukitia nanga karibu naye, omena wote wanahamia kwake."

Taa zetu zilikuwa vilevile, na ziwa lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni jirani. Mwezi uliofuata kulikuwa na boti nyingine tatu zenye taa kali kama za jirani huyo, na yeye mwenyewe alikuwa ameshanunua nyingine kali zaidi. Mwanangu, ambaye ni fundi wa umeme, alinifafanulia kinachotokea. Taa ya LED ya wati 10 hivi inaweza kutoa mwanga unaolingana na wa karabai. Ukiuongeza mwanga mara mbili hauendi mbali mara mbili, kwa kuwa kadiri unavyosambaa ndivyo unavyopungua. Na maji ya Ghuba ya Winam, yenye mwani na tope la mito, huumeza upesi. Hivyo sehemu kubwa ya wati tunazoongeza haifiki kwa omena wapya. Kazi yake ni kuizidi nguvu taa ya jirani. Wote tukiongeza, tunarudi palepale tulipokuwa, tukiwa na madeni ya betri. Anayebaki nyuma ni yule mwenye mtumbwi mdogo na taa mbili alizokodi, ambaye hawezi kununua nyingine.

Kama hasara ingekuwa ya mifuko yetu peke yake, ningeliacha jambo hili lijadiliwe ndani ya vyama. Lakini mimi huwaona omena wenyewe wakimwagwa juu ya turubai. Kazi yangu ya kwanza asubuhi ni kuchambua: kutoa mchanga, kutoa vipande vya makombe, kutenga wakubwa na wadogo. Omena aliyekomaa ana urefu wa sentimita nne na zaidi, na mwenye umri mzuri hufika saba. Siku hizi rundo la wadogo linazidi kunenepa. Wengi hawafiki urefu wa kiungo cha juu cha kidole changu gumba. Hao hawajazaa hata mara moja. Na katikati yao kuna vifaranga vya mbuta, vyeupe na vyembamba, ambavyo mwakani vingekuwa samaki wa kulisha familia nzima.

Nitasema kwa haki kwamba si taa peke yake inayosababisha haya. Nyavu za macho madogo zipo, na hata chandarua cha mbu huonekana. Lakini taa na wavu hufanya kazi pamoja. Omena wanapokusanyika kwa wingi kupita kiasi chini ya mwanga mkali, huuziba wavu kwa miili yao, na hata wavu halali hauwezi tena kuwaachia wadogo watoke. Kisha kuna suala la mahali. Omena wachanga hukulia karibu na ufuo, katika ghuba zenye maji ya kina kifupi. Zamani mvuvi aliyegharamia mafuta alitaka omena wakubwa, akaenda mbali. Leo mwanga hauna bei na petroli ya injini inayo, kwa hiyo wapo wanaotia nanga mita chache kutoka tunapochota maji na kuwavuta watoto wa omena kutoka kitandani mwao. Na wapo wanaotoka hata mwezi ukiwa mpevu, wakiamini kwamba taa zao zinaweza kushindana nao. Yale mapumziko tuliyopewa na anga yanaliwa usiku mmoja mmoja.

Sasa ufuate njia ya hao wadogo. Mama wa Kajulu hawataki. Akiwakaanga wanakuwa unga, na mchanga haupembuki. Kwa hiyo wanaingia kwenye gunia la chakula cha kuku. Mfugaji wa kuku naye ni mteja wangu na ninamheshimu, lakini bei yake ni ya chini, na hajali kama omena ana sentimita mbili au sita, maana wote watasagwa. Soko hilo ndilo linalofanya taa kali ionekane ina faida. Tunachukua samaki ambaye baada ya miezi michache angekuwa chakula cha mtoto wa shule, tunamuuza leo kwa bei ya chini kama unga wa mifugo, halafu tunashangaa kwa nini gorogoro ya omena wazuri imewashinda watu wa kawaida kununua. Katika nyumba nyingi za hapa Mamboleo, omena ndiye nyama. Mbuta huuzwa viwandani na bei ya ngege iko juu. Omena akipanda bei, watoto hula sukuma wiki na ugali mtupu.

Nimezungumza hoja hii ufuoni na sokoni, na kuna majibu matatu ambayo hurudi kila mara.

La kwanza husema omena huzaa haraka, hawezi kwisha. Ni kweli huzaa haraka, na kwa uzani ndiye anayevuliwa kwa wingi kuliko samaki wengine wote katika Ziwa Victoria leo. Lakini mimi nimezaliwa kando ya ziwa hili, na chakula cha utotoni mwangu kilikuwa fulu. Bibi yangu aliwaanika juu ya mawe. Walikuwa wa rangi nyingi na maumbo mengi, mamia ya aina ambazo hazikupatikana mahali pengine popote duniani, na hakuna mtu aliyefikiri wanaweza kwisha. Mbuta aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 fulu walikuwa wameporomoka. Wajukuu wangu hawajui ladha yake. Omena alisalimika kwa sababu ni mwepesi wa kukua na wa kuzaa. Uwezo huo una mpaka, na mpaka huo ni pale tunapomvua kabla hajazaa.

Jibu la pili husema Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa, sisi tukijibana Watanzania na Waganda wataendelea. Mimi naiona asilimia 6 kuwa sababu ya kuharakisha. Mwenye shamba dogo ndiye wa kwanza kulichosha. Tayari katika miezi ya kufungwa tunauza omena wa Mwanza na wa Uganda ili meza zetu zisikauke, na bei tunapangiwa na wengine. Tena majirani hawajalala. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, katika ziwa ambalo dagaa wake huvuliwa kwa taa kama huku kwetu, na ambalo nalo ni la nchi kadhaa. Kwa Ziwa Victoria tuna Shirika la Uvuvi lililoundwa na nchi tatu mwaka 1994, lenye makao yake Jinja. Kenya ikifika pale na kanuni iliyokwisha kujaribiwa katika fuo zake, ina la kusema. Ikifika mikono mitupu, itasubiri wengine waamue.

Jibu la tatu ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa hutoka kwa wake za wavuvi. Wanasema mwanga mkali ni usalama wa waume zetu. Ziwa hili ni katili usiku. Upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na hapo dhoruba huzaliwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa majini kila mwaka katika ziwa zima. Nimehudhuria matanga ambapo tulizika bila mwili. Lakini tuangalie taa hizi zilipo. Zinaelea juu ya maboya, mbali na boti. Boti yenyewe mara nyingi iko gizani, na meli au boti nyingine ikipita haiwezi kuiona. Mwanga wa kuvulia haumlindi aliye ndani ya boti. Kinachomlinda ni jaketi la kuokolea, taa ndogo iliyofungwa kwenye boti yenyewe, na utabiri wa hali ya hewa uliomfikia kabla hajasukuma boti majini. Nataka taa hiyo ya boti iwe lazima, na isihesabiwe katika kipimo ninachokitetea.

Na kipimo chenyewe, nakiona hivi.

Kwanza, kila boti ya omena iwe na kikomo cha jumla ya mwanga: idadi ya taa na nguvu ya kila moja. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kituo hapa Kisumu. Wataalamu wake watoke nasi wakati wa mwezi mchanga, wajaribu taa za nguvu mbalimbali ndani ya ghuba na nje yake, wapime omena wanaovuliwa kwa urefu na kwa uzani, kisha watuambie kiwango kinachomtosha mvuvi bila kumaliza wachanga. Hadi jibu litoke, tuanze na kiwango ambacho wazee wetu walikitumia na wakashiba: mwanga wa karabai nne kwa boti.

Pili, taa ipimwe nchi kavu, mchana, mahali inapochajiwa. Kumfukuza mvuvi usiku ziwani kwa boti ya doria ni gharama, ni hatari, na huzaa rushwa. Kituo cha kuchaji kinajua kila taa inayoingia. Iliyo ndani ya kiwango ipigwe muhuri wa kamati ya usimamizi wa ufuo, ile tunayoiita BMU. Kamati hizi zimepewa kisheria kazi ya kuangalia nyavu na mitumbwi. Kuongeza taa katika orodha hiyo hakuhitaji ofisi mpya.

Tatu, ghuba ndogo za kina kifupi na midomo ya mito kama Nyando na Sondu ziachwe bila taa za kuvulia mwaka mzima. Kila kamati ya ufuo inayajua maeneo yake. Wazee wakiulizwa watayaonyesha kwa kidole.

Nne, siku za mwezi mpevu ziwe za mapumziko kwa makubaliano ya fuo zote, zikitangazwa mapema ili kila mtu ajipange. Boti moja ikitoka, zote zitatoka. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya kila nahodha.

Tano, sisi wauzaji tubebe sehemu yetu. Bei ndiyo amri inayotiiwa upesi kuliko zote ziwani. Vyama vya wauza omena wa Mamboleo, Kibuye na Jubilee vikikubaliana kwamba rundo lenye wachanga wengi halinunuliwi, au linanunuliwa kwa bei isiyolipa hata petroli, ujumbe utafika Luanda Kotieno kabla ya barua yoyote ya kaunti. Nasi tutahitaji wenye viwanda vya chakula cha mifugo wakubali jambo hilohilo, na hapo ndipo serikali za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia zinapaswa kuwaita mezani.

Ninajua nani ataumia mwanzoni. Ataumia aliyekopa ili anunue taa kubwa, na huyo nataka apewe muda wa kumaliza deni lake kabla kanuni haijamshika. Watapungukiwa wenye magunia. Hata mimi nitapungukiwa, kwa kuwa gunia la wachanga hulipa fedha taslimu siku ileile, na karo haisubiri. Lakini kipimo kikiwa kimoja kwa wote, nahodha wetu hatapoteza omena kwa jirani, wala jirani kwake. Kijana mwenye mtumbwi mdogo na taa mbili za kukodi atarudi kuwa mvuvi kama wengine. Betri tulizokuwa tukinunua ili tushindane, tutaacha kuzinunua.

Katika chama chetu tulibishana juu ya hili zaidi ya mara moja. Wenzangu wengine walitaka tununue taa kali tusiachwe nyuma, na sikuweza kuwalaumu, kwa kuwa tukijizuia peke yetu tunamwadhibu nahodha wetu tu. Tulipofika mwisho tulikubaliana hivi: kiwango kikiwekwa kwa fuo zote, chama chetu kitakuwa cha kwanza kupeleka taa zake zipimwe mbele ya watu, na yoyote itakayozidi itatoka ziwani na kwenda kumulika nyumba ya mwanachama asiye na umeme. Mitumbwi inarudi majini 1 Agosti. Maafisa wa uvuvi, kamati za fuo na watafiti wa KMFRI wana muda wa kukaa pamoja kabla ya siku hiyo. Sisi wenye taa tuko tayari. Tunaomba tupewe tarehe na mahali pa kuzipeleka.